Kuifuata 東: herufi ya mashariki kutoka Beijing hadi Hanoi

Mwanafunzi wa Kichina hukutana na herufi 東 mapema, na mara nyingi huipokea pamoja na maelezo yake: huu ni mti, 木, na hili lililo katikati ni jua, 日, jua la asubuhi huchomoza nyuma ya miti, kwa hiyo herufi inasema “mashariki”. Maelezo hayo ni matamu, hayasahauliki, na si ya kweli. Ukitaka kuijua herufi hii kwa undani, yaani ilikotoka, inavyosomwa Japani, inavyosikika Korea na Vietnam, na maana ilizozikusanya njiani, anza kwa kuliweka jua hilo kando.

Aliyelieneza ni msomi Xu Shen, aliyemaliza kuandika kamusi yake, Shuowen Jiezi, mwaka 100 baada ya Kristo. Ilikuwa kazi kubwa: herufi 9,353 zilizopangwa chini ya mashina 540, na hadi leo hakuna anayechunguza asili ya herufi za Kichina bila kuifungua. Lakini Xu Shen hakuwahi kuyaona maandishi ya kale kuliko yote. Yalikuwa bado yamefukiwa karibu na mji wa sasa wa Anyang, yamechongwa kwenye magamba ya kobe na mifupa ya ng'ombe iliyotumiwa kupigia ramli katika ikulu ya wafalme wa Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Wasomi waliyatambua mwaka 1899, na uchimbaji rasmi ukaanza mwaka 1928.

Kwenye mifupa hiyo, 東 haina mti wala jua. Kinachoonekana ni mfuko mrefu ulioshiba, umefungwa juu na chini, na kiunoni umezungushiwa kamba zinazokatana. Mfuko una uhusiano gani na upande linakotokea jua? Hauna. Mashariki haichoreki kirahisi, na wapiga ramli walilihitaji neno hilo mara kwa mara, maana waliuliza habari za pepo, za mvua na za maadui wa kila upande. Wakachukua mchoro wa kitu ambacho jina lake lilisikika karibu sawa na neno “mashariki”, wakaupa kazi mpya. Hayo ndiyo maelezo yanayokubaliwa leo na wataalamu wengi wa maandishi ya kale.

Ushahidi wa mfuko haukai peke yake. Tazama 重, herufi ya “zito”. Kwenye vyombo vya shaba vya zamani, inaonyesha mtu aliyesimama na mfuko uleule mgongoni mwake. Ukisisitiza kwamba 東 ni jua kwenye mti, mtu huyo atakuwa amebeba alfajiri. Ukikubali mfuko, uzito unaeleweka mara moja. Na herufi ya kaskazini, 北, imepitia njia ya namna hiyohiyo: ni watu wawili waliopeana migongo. Kazi ya “kaskazini” ilipoizidi nguvu, neno “mgongo” likatengenezewa herufi yake, 背, kwa kuongeza alama ya mwili chini.

Kwa hiyo, kabla ya kuamini hadithi yoyote ya picha, tafuta umbo la zamani. Kamusi nyingi za intaneti siku hizi huonyesha maumbo kwa mfuatano: ya mifupa, ya shaba, ya muhuri, kisha ya kisasa. Yapange kwa umri wake uone kama hadithi inasimama tangu mwanzo, au imezaliwa baadaye, herufi ilipokwisha kubadilika sura. Hadithi ya jua na mti bado inafaa kukumbushia namna ya kuandika 東 kwa mkono. Itumie hivyo tu.

Maumbo ya leo ni mawili. Taiwan, Hong Kong, Japani na Korea huandika 東, mistari minane ya kalamu. China Bara na Singapore huandika 东, mistari mitano. Umbo hili fupi lilirasimishwa na China mwaka 1956, lakini mkono wake ni wa zamani: waandishi wa kalamu ya brashi walikuwa wakiliandika kwa haraka namna hiyo karne nyingi kabla. Anayesafiri kwa treni nchini China awe macho, kwa sababu 东 inafanana mno na 车, “gari”, na vituo vya reli vina herufi zote mbili. Miji mikubwa huwa na vituo kadhaa vinavyotofautishwa kwa pande za dunia. 广州东站 ni kituo cha mashariki cha Guangzhou, 广州南站 ni cha kusini, na ni safari ya mbali kati ya kimoja na kingine. Soma herufi ya tatu kwa makini kabla ya kupanda teksi. Katika umbo refu, herufi ya kuchunga ni 束, “fungu” au “bunda”: imekosa mstari mmoja tu katikati.

Baada ya umbo, fuata sauti. Hapa 東 ina heshima yake ya pekee. Mwaka 601 msomi Lu Fayan alikamilisha Qieyun, kamusi iliyopanga herufi kwa vina ili washairi na watahiniwa wajue neno gani linapatana na lipi. Kina cha kwanza kabisa kiliitwa 東. Kamusi hiyo ilipopanuliwa na kutolewa mwaka 1008 kwa jina la Guangyun, herufi ya kwanza ya ukurasa wa kwanza ikawa ileile. Namna ilivyoonyesha matamshi ni ya kijanja na bado inafanya kazi. Imeandikwa 德紅: chukua mwanzo wa herufi ya kwanza, *de*, na mwisho wa herufi ya pili, *hong*, uviunganishe. Unapata *dong*. Bila alfabeti yoyote, mwanafunzi wa mwaka 1008 alijua atamke nini.

Sauti hiyo ikasafiri na vitabu, na watawa wa Kibuddha, na maofisa. Kila lugha iliyoipokea iliikata kulingana na kinywa chake. Wakantoni husema *dung*. Wakorea husema *dong*, wakaandika 동 kwa alfabeti yao ya hangul iliyotangazwa mwaka 1446. Wavietnam husema *đông*. Wajapani hawakuwa na silabi inayoishia na *ng*, wakaigeuza kuwa irabu ndefu: *tō*. Hii ni kanuni ya kushika, kwa sababu haihusu 東 peke yake. Maneno mengi ya Kichina yanayoishia na *ng* huonekana Japani yakiwa na irabu ndefu au irabu mbili, na Korea na Vietnam yakiwa yamehifadhi mwisho wake. Mtu akijua kanuni hii, jina la Tokyo na la jimbo la Guangdong yanaanza kusikika kama ndugu.

Vitabu vya zamani vinaongeza mkanganyiko mwingine. Wasomaji wa magazeti ya miaka ya 1960 walimjua kiongozi wa China kama Mao Tse-tung; leo huandikwa Mao Zedong. Mtu ni yuleyule, na herufi ya mwisho ya jina lake ni 東. Mabadiliko yametokana na pinyin, mfumo wa kuandika Kichina kwa alfabeti ya Kilatini uliopitishwa China mwaka 1958. Kwenye ramani kongwe ukiona Kwangtung, soma Guangdong. Ukiona Shantung, soma Shandong.

Japani inahitaji subira zaidi, kwa sababu herufi moja ina usomaji wa aina mbili. *Tō* ni sauti iliyotoka China. *Higashi* ni neno la Wajapani wenyewe, lililokuwapo kabla ya herufi kufika. Asili yake, *himukashi*, ina neno “jua” na neno “kuelekea” ndani yake. Kwa hiyo jua tulilolitoa kwenye herufi ya Kichina limo kweli katika neno la Kijapani, ila limo katika sauti. Kanuni ya jumla ni kwamba herufi inapoungana na nyingine katika neno lililoundwa Kichina husomwa *tō*, kama Tokyo. Inaposimama peke yake husomwa *higashi*. Lakini njia ya kutokea upande wa mashariki wa kituo cha treni, 東口, ni *higashi-guchi*, na milima ya mashariki ya Kyoto ni Higashiyama. Kuna na usomaji wa tatu, *azuma*, jina la kale la majimbo ya mashariki, linaloishi katika ushairi wa zamani na katika majina ya ukoo. Mtu ambaye kadi yake ya kazi imeandikwa 東 anaweza kuwa bwana Higashi au bwana Azuma, na hakuna njia ya kujua ila kumuuliza. Kuuliza si aibu. Wajapani wenyewe huulizana.

Korea na Vietnam zina shida iliyo kinyume: sauti imebaki, herufi imefichwa. Vietnam ilifanya mitihani ya mwisho ya kifalme iliyotumia herufi za Kichina mwaka 1919, na leo huandika kwa alfabeti ya Kilatini. Korea Kaskazini iliacha herufi za Kichina mwishoni mwa miaka ya 1940, na Korea Kusini huandika karibu kila kitu kwa hangul. Basi mitaani Seoul utasoma *dong* kila kona, na hapo ndipo wageni wengi huteleza. Mitaa ya Seoul huishia na *-dong*, kama Myeong-dong na Apgujeong-dong, na hiyo si mashariki. Ni 洞, herufi ya “pango” iliyopata maana ya “mtaa”. Dongdaemun, kwa upande mwingine, ni 東大門, Lango Kuu la Mashariki, lililojengwa kwanza mwaka 1396. Kikorea huandika 동 kwa mashariki, mtaa, shaba, majira ya baridi, kusogea na “sawa” bila tofauti yoyote. Vietnam, toni husaidia kiasi: mashariki ni *đông*, lakini sarafu ya nchi hiyo ni *đồng*, kutoka 銅, “shaba”. Ukiwa na shaka, tafuta kamusi inayoonyesha herufi ya asili kando ya neno. Kamusi nzuri za Kikorea hufanya hivyo.

Neno asilia la Kikorea la mashariki halijafa lote. Wavuvi bado huuita upepo wa mashariki *saetbaram*, na *sae* hiyo ndiyo mashariki ya kale. Mswahili wa pwani hatashangaa: upande wenyewe unaitwa kwa neno la Kiarabu, lakini habari za pepo ziulize kwa mabaharia.

Sasa liendee jambo lenye utajiri mkubwa zaidi, nalo ni wenzi wa herufi. Herufi ya Kichina huonyesha tabia yake inapoambatana na nyingine, na mfano bora wa 東 ni 海, “bahari”. Weka herufi hizi mbili mbele ya watu wanne. Mchina atasoma *Donghai* na kukuonyesha Bahari ya China Mashariki, kati ya Shanghai na Taiwan. Mkorea atasoma *Donghae* na kukuonyesha maji yaliyo kati ya nchi yake na Japani, yaleyale ambayo Wajapani na ramani nyingi za dunia huyaita Bahari ya Japani. Korea imelipeleka suala hilo kwenye vikao vya Umoja wa Mataifa vya majina ya kijiografia tangu mwaka 1992. Mjapani atasoma *Tōkai* na hatafikiria bahari hizo hata kidogo, bali mwambao wa nchi yake unaozunguka Nagoya, na barabara kongwe ya Tōkaidō iliyouunganisha mji wa Edo na Kyoto. Mvietnam ataitamka *Đông Hải*, lakini katika mazungumzo ya kila siku husema *Biển Đông*, na hapo anamaanisha bahari ambayo wengine huiita ya China Kusini. Kila mmoja amesimama kwake na kutazama mashariki. Anayetafsiri habari za eneo hilo na kuandika tu “Bahari ya Mashariki” bila kuuliza nani anasema, amekwisha kupotosha habari.

Jina la Tokyo lina mkasa unaofanana na huo. 東京 maana yake ni mji mkuu wa mashariki, na Edo ilipewa jina hilo mwaka 1868. Lakini Luoyang iliitwa 東京 enzi za Han ya Mashariki. Kaifeng iliitwa hivyo enzi za Song, kabla ya kutekwa mwaka 1127. Mji wa Gyeongju nchini Korea uliitwa hivyo chini ya wafalme wa Goryeo. Hanoi nayo iliitwa hivyo katika karne ya 15, ikitamkwa *Đông Kinh*, na Wazungu wakalipindua jina hilo kuwa Tonkin, jina wanalolikumbuka wote waliosoma habari za vita vya Vietnam. Wazalendo wa Vietnam walipofungua shule yao huru Hanoi mwaka 1907, wakaiita *Đông Kinh Nghĩa Thục*, wakifuata mfano wa shule ya Keio iliyokuwa Tokyo. Miaka miwili kabla, Phan Bội Châu alikuwa ameanzisha harakati ya kuwapeleka vijana kusoma Japani, akaiita *Đông Du*, safari ya mashariki.

Wenzi wengine wanabadilisha maana kabisa. 東西, “mashariki-magharibi”, kwa Mjapani ni *tōzai*, pande mbili za dunia, na ni jina la njia ya treni ya chini ya ardhi jijini Tokyo. Kwa Mchina, neno hilohilo, *dōngxi*, ni “kitu”: kitu cha kula, kitu cha kununua, kitu chochote. Wapo wanaosimulia kwamba limetokana na masoko mawili ya mji wa Chang'an, la mashariki na la magharibi. Masoko hayo yalikuwapo kweli enzi za Tang. Simulizi yenyewe iweke kwenye kapu moja na ile ya jua na mti mpaka uone maandishi ya kuithibitisha. Vivyo hivyo 東洋: Mjapani na Mkorea humaanisha ulimwengu wa Asia dhidi ya Ulaya, lakini Wachina wa zama za mwisho za kifalme walimaanisha Japani, na mkokoteni wa abiria unaovutwa na mtu, uliotoka Japani, wakauita gari la 東洋.

Mfanyabiashara Mtanzania au Mkenya anayepanga chumba Guangzhou atakutana na maana nyingine ambayo vitabu vya mwanzo huichelewesha. Mwenye nyumba ni 房东, *fángdōng*. Mwanahisa ni 股东, *gǔdōng*. Anayewalipia wenzake chakula “anafanya mashariki”, 做东. Sababu iko katika adabu za kale: mwenyeji alipanda ngazi za upande wa mashariki na mgeni alipanda za magharibi, kwa hiyo mashariki ikawa upande wa mwenye mali. Historia imeongeza nguvu. Mwaka 630 kabla ya Kristo, majeshi ya Qin na Jin yaliuzingira mji wa Zheng, na mjumbe wa Zheng akamshawishi mtawala wa Qin aondoke kwa kumwahidi kwamba Zheng, iliyokuwa mashariki ya Qin, ingewapokea na kuwahudumia wajumbe wote wa Qin wapitao njia hiyo. Tangu hapo mwenyeji ni “bwana wa njia ya mashariki”, 東道主, na magazeti ya China hulitumia neno hilo hadi leo kwa nchi inayoandaa michezo ya Olimpiki.

Usisahau mpangilio. Kiswahili husema kaskazini mashariki; Kichina huanza na mashariki, 东北, *dōngběi*. Kivietnam hufuata mpangilio huohuo; Kijapani na Kikorea cha leo kwa kawaida huanza na kaskazini, ingawa mpangilio wa Kichina umebaki katika majina kadhaa. Ukitafsiri neno kwa neno utapata “mashariki kaskazini”, kwa hiyo geuza. Kisha uliza ni 東北 ya nani: kwa Mchina ni majimbo ya Heilongjiang, Jilin na Liaoning; kwa Mjapani ni Tōhoku, eneo lililopigwa na tetemeko na tsunami tarehe 11 Machi 2011.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wana mahali pao pa kufanyia mazoezi: jina la kwao. Kichina ni 东非, *Dōngfēi*, na Bonde la Ufa ni 东非大裂谷. Kivietnam ni *Đông Phi*, sauti zilezile. Kikorea huanza na *Dong*, kikamalizia na *Apeurika*. Kijapani huandika 東アフリカ na kusoma *Higashi Afurika*, kwa usomaji wa asilia, ingawa ni neno la kuungana. Ile 非 ya Wachina, ikisimama peke yake, maana yake ni “si” au “kosa”, na wapo Waafrika wanaosononeka wakilijua hilo. Haikuchaguliwa kwa maana. Ni mkato wa 阿非利加, herufi nne zilizopangwa kwa sauti tu ili zisikike kama Afrika, na katika herufi hizo Wajapani walishika ya kwanza badala ya ya pili: katika maandishi yao ya zamani Afrika Kusini imefupishwa 南阿.